Baada ya Upepo Kuanguka

Upepo alianguka kipindi cha pili kikiwa ndiyo kwanza kimeanza, peke yake, bila kuguswa na mtu. Mwamuzi alidhani anajiangusha, akampungia mkono ainuke. Hakuinuka tena. Alikuwa winga wa kushoto, kijana asiyejua kutembea, kila mahali anakimbia, ndiyo maana akaitwa Upepo.

Baada ya maziko kila mtu alikuwa na lake. Viongozi wa klabu walisema jua lilikuwa kali. Majirani walisema kijicho. Mjomba wa marehemu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukosa la kusema, aliapa kwamba timu pinzani ilitia kitu kwenye maji. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alirudi kwenye kazi yake kwa sababu mikono ikikaa bure akili inakwenda mbali.

Mgeni alifika mchana wa mvua, mwavuli wake umepinduliwa na upepo. Alisema yeye ni muuguzi wa hospitali kuu, na kazi yake ni kufuatilia vijana wanaokufa ghafla michezoni. Akisikia redioni mchezaji ameanguka, anafunga safari.

"Unafuatilia ili iweje?" mama aliuliza bila kuinua macho. "Atafufuka?"

"Hapana, mama."

"Basi umelowa bure."

Muuguzi hakubisha. Aliomba kitu cha kujifutia uso, mama akamrushia kipande cha pazia.

"Kila nyumba inalia kivyake," muuguzi alisema huku akijifuta. "Huyu kaambiwa jua, yule kaambiwa uchovu. Sisi tunaziweka habari hizo pamoja, tuone vijana hawa wanaondoka na nini."

"Andika sumu," mjomba, aliyekuwa ameketi pembeni, alidakia.

"Nimeandika, mjomba. Familia inashuku sumu."

Mjomba alitazama kule na huku. Hakuzoea kusikilizwa.

Muuguzi akauliza taratibu. Aliwahi kuzimia? Mama akakumbuka siku Upepo alipoanguka bafuni baada ya mazoezi, wakasema njaa. Na je, kuna mwingine wa nyumba hii aliyeondoka ghafla?

Cherehani ilisimama.

"Baba yao," mama alisema. "Alikuwa anapandisha saruji ghorofani. Tulisema kazi imemzidi."

Muuguzi aliandika na hilo.

"Upepo ana ndugu?"

Alikuwa naye, mdogo wake wa kike, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote na viatu vyenye matope. Alikuwa golikipa wa mpira wa mikono, na wenzake walimwita Kufuli kwa sababu lango lake halifunguki.

"Huyu apimwe moyo," muuguzi alisema.

Mama aliinuka. "Mmoja ameshanitoka, sasa umekuja kunitafutia wa pili?"

"Mama," Kufuli alisema, "mimi nataka kujua. Tangu kaka afe, nikiingia langoni naogopa. Sikukuambia tu."

Wakaenda. Daktari aliwaonyesha moyo wa Kufuli ukicheza kwenye kioo cha mashine, akagusa kwa kalamu mahali ambapo msuli ulikuwa mnene kupita kiasi. Ni jambo linalorithiwa, alieleza, na inaelekea ndilo lililowachukua baba na kaka. Kufuli angekunywa dawa na kurudi kupimwa mara kwa mara. Angeweza kuishi hadi uzeeni. Mashindano, basi.

Walipofika kwenye ngazi za hospitali, Kufuli alilitupa begi lake. "Bora nisingejua! Wewe ndiye uliyekubali nije!"

Mama aliketi kwenye ngazi. "Nichukie, mwanangu. Nitavumilia. Wewe uwepo tu wa kunichukia."

Kufuli alinuna kwa muda mrefu. Muuguzi alipiga simu mara kwa mara, haulizi kitu, anasalimia tu. Siku moja akaomba msaada. Vilabu vilimfungia milango, kila kimoja kikiogopa kuchafuliwa jina. Je, mama angekubali kuongozana naye?

Wakaanza na klabu ya Upepo. Mwenyekiti alizungumza kwa upole sana kuhusu jina la klabu.

"Jina hilo nimelishona mimi kifuani mwa mwanangu," mama alimkatiza. "Nalijua herufi kwa herufi. Sikuja kulichafua. Nataka mseme alivyoanguka, aliyemwona aseme, na asiyejua la kufanya akubali kwamba hakujua."

Mwenyekiti aliinama. Kisha akamwita kocha, na kocha akasimulia yote huku analia.

Ikawa hivyo, klabu baada ya klabu. Taarifa zilipokusanyika, chama cha michezo kikashindwa kuendelea kusingizia jua. Kikaagiza kila kifo cha ghafla kiripotiwe, na kila timu ijifunze kumkandamiza kifua aliyeanguka na kutumia mashine ya kushtua moyo. Aliyewafundisha ni Kufuli, aliyekuwa ameacha kununa na kujifunza kazi hiyo kwa muuguzi, kwa sauti ile ile ya kupangia mabeki.

"Kocha, huyo unamwokoa au unambembeleza? Kandamiza!"

Msimu uliofuata, mama na Kufuli wakiwa ofisini kwa muuguzi, simu ililia, muuguzi akaipokea kwa spika.

"Nataka kuripoti," ilisema sauti ya mwanamume. "Mchezaji wangu ameanguka uwanjani."

Muuguzi alifumba macho. "Pole sana, kocha. Mmemzika lini?"

"Kumzika? Dada, tulimkandamiza kama tulivyofundishwa, tukamshtua na mashine. Yuko hapa wodini, na alipozinduka aligombana na kila mtu kwa nini nilimtoa uwanjani."

Mama alimshika Kufuli mkono. Muuguzi alicheka huku machozi yanamtoka, akaanza kuuliza maswali yake, kwa mara ya kwanza kuhusu mtu aliye hai.

"Tatizo," kocha aliendelea, "daktari kamwambia huenda asicheze tena. Amegeukia ukutani, hataki hata kula."

Kufuli alinyoosha mkono. "Mpe simu. Niongee naye mimi."

Akatoka nayo kwenye korido, akaketi sakafuni. Waliokuwa ndani walimsikia akianza kwa sauti ya chini. Baada ya kitambo kirefu, wakamsikia anacheka.