Maoni ya Wifi

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa na maoni juu ya kila kitu. Mchuzi ulikuwa mtamu ajabu au mbaya kupindukia, mapazia yetu yalimtia kichefuchefu, na sisi alitupenda mno au hakutaka kutuona kabisa, kulingana na alivyoamka.

Mama akachoka. "Humu ndani fanya kazi," akamwambia mbele yetu sote. "Maoni yako kaa nayo."

Akakaa nayo. Tangu siku hiyo ukimuuliza kitu anakujibu kama karani wa mahakama: nimefua, nimepika, nimefunga mlango. Ukimuuliza chakula kikoje, anasema kimeiva. Kaka alipomzaba kofi, nilimuuliza anajisikiaje. "Nimepigwa," akasema, akaendelea kumenya vitunguu.

Mama akafurahi, eti nyumba imetulia. Imetulia! Mimi nilikuwa nikilala nimetia komeo mlangoni. Mtu anayefoka na kununa waziwazi simwogopi hata kidogo. Huyu aliyenyamaza na yote moyoni alinitoa jasho.

Leo asubuhi alituletea chai, vikombe vitatu: cha mama, cha kaka na changu. Chake hakikuwepo. Mama na kaka wakanywa kwa pupa, kama kawaida yao. Changu kilikuwa tayari mdomoni wifi aliponitazama na kutabasamu, mara ya kwanza tangu akatazwe.

"Kunywa polepole, wifi yangu," akasema kwa upole. "Leo ni tamu mno."