Uzito wa Mama

Asubuhi, baada ya kumgeuza Mama ubavu na kumpaka mafuta mgongoni, Kitinda alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda na kuwasha kompyuta. Alikuwa mjenzi katika mchezo usio na picha hata moja. Wachezaji, waliotawanyika kila pembe ya dunia, waliandika "okota upanga" au "fungua mlango", kisha wakasoma kilichotokea. Kazi yake ilikuwa kuwaandalia vitu hivyo: jina la kila kimoja, sura yake, uzito wake, na kama kinaokoteka au hakiokoteki.

Siku hiyo aliwajengea nyumba ya kupumzikia, na kwa uvivu akanakili chumba alichokuwemo. Akaweka kitanda, jagi, feni, na Mama. Kitinda alimwingiza Mama kama kitu. Wajenzi hufanya hivyo wakitaka mtu atulie, maana kiumbe huzurura na kitu hukaa kilipowekwa. Alipofika kwenye uzito, kwa kuwa kiuno kilikuwa kinamuuma, akaandika sawa na sahani.

Adhuhuri alipokwenda kumbadilishia shuka, Mama alinyanyulika kwa mkono mmoja.

"Umenipunguza," Mama alisema.

"Kiuno, Mama."

"Haya. Pole."

Kitinda alifurahi, wala si kwa ajili ya kiuno peke yake. Miaka nenda miaka rudi kaka yake, dereva wa lori, alikuwa akisema angemchukua Mama kwa zamu ila ni mzito na nyumba yake ina ngazi. Dada yao, fundi cherehani, aliimba wimbo huo huo na kuongezea magoti. Sasa sababu zilikuwa zimekwisha. Akawasimulia alichofanya mchezoni, akawaita Jumapili.

Walikuja, wakala, wakashiba. Kaka alimnyanyua Mama kwa vidole viwili, akampimapima hewani kama anayechagua papai sokoni, akasifu kazi. Dada alimpeleka dirishani na kumrudisha huku simu iko mkono wa pili. Kisha kaka akasema udugu ni kufaana, si kufanana, akaomba kuongezewa mchuzi. Hapo Kitinda akatoa ombi lake, kila mtoto akae na Mama mwezi mmoja.

Kaka alijifuta mdomo.

"Mdogo wangu, si umeshapata nafuu? Mzigo wenyewe umekuwa unyoya. Endelea naye tu."

"Na amekuzoea," dada akasema.

Wakati wa kuvaa viatu mlangoni, kaka aliuliza kama kwenye huo mchezo kuna pa kupunguza chakula anachokula Mama.

Walipoondoka, Mama alikuwa anatazama dari. Masikio yake hayakuwa yamepunguzwa.

"Nirudishie uzito wangu," alisema. "Nilipokuwa mzito, angalau walihangaika kutafuta sababu."

Kitinda aliona uchungu, uchungu wa kweli. Akawasha kompyuta, akamtafuta Mama kati ya jagi na feni, akafika kwenye uzito wake. Kiuno hakikuwa kimemuuma wiki nzima. Alikaa hapo kitambo, vidole vikiwa juu ya vitufe.

"Tayari?" Mama aliuliza.

"Bado kidogo, Mama. Kesho."

Akaweka pasi juu ya pindo la shuka ili feni isimpeperushe, akaendelea kuwaundia wachezaji upanga wao.