Pembe kwenye Bawa la Gavrila

"Haki ya Mungu, kila neno ni kweli tupu," aliapa mzee Evon, amekalia pipa la mafuta gatini, kando ya mto Kuskokwim. "Ukungu umeshuka, Gavrila haoni hata pua yake. Akafungua dirisha la ndege, akanusa moshi wa samaki wa mkewe, akaufuata mpaka mlangoni kwake!"

Mwindaji mgeni aliyetoka mjini akacheka. Olinka, binti wa huyo Gavrila, naye akacheka huku akijaza mafuta ndege yake ndogo ya maboya, ile ya kutua majini. Hadithi hizo ndizo zilizomlea. Baba alianguka na ndege akafa, yeye akiwa mchanga, na kila alipouliza sababu aliambiwa, "Upepo, mwanangu." Sasa yeye mwenyewe ni rubani, na upepo huo humnyima usingizi. Kama ulimshinda baba, yeye nani?

Mwindaji alikuwa na pembe za musi, yule kulungu mkubwa wa huku, pana kama masinia ya pilau. Ndani ya ndege hazikuenea.

"Nifungie nje, kwenye mhimili wa bawa," mwindaji akamwomba Olinka.

Olinka akasita.

"Wee mjukuu wangu, unaogopa nini?" Evon akadakia. "Baba yako alibeba kubwa kuliko hizo! Mara ya mwisho nilimwona kwa macho yangu, kazifunga bawa la kushoto, akapaa kama korongo!"

"Mara ya mwisho, babu? Ndiyo siku ile?"

"Ndiyo." Evon akashuka kwenye pipa.

"Si mlisema upepo?"

"Upepo ulikuwepo... kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Hata jani halikutikisika."

Basi yakamtoka, safari hii bila chumvi. Gavrila alizunguka chini chini, polepole, kuwapungia watu wa kambi ya samaki, maana mtu wa huku hapiti juu ya kambi bila salamu. Pembe zikavuruga hewa, bawa la kushoto likaishiwa nguvu, likalala. Mbele yake watoto walikuwa wanaanika samaki. Nafasi ya kujiokoa hakuwa nayo, ya kuchagua pa kuanguka alikuwa nayo. Akaigeuza ndege, akaizamisha mtoni.

"Mengi nimeyatia chumvi," alisema Evon, "hilo sikuthubutu kuligusa."

Olinka akafunga tangi la mafuta. Kumbe hakuna upepo uliomshinda baba.

"Pembe haziendi," akasema.

"Lakini mzee kasema..." mwindaji akaanza.

"Mzee kasema, basi mzee atazipeleka. Kwa boti yake."

"Mpaka mjini?" Evon akaruka. "Na mgongo huu?"

"Mgongo gani, babu? Si juzi ulituambia ulibeba dubu?"

Watu wote gatini wakaangua kicheko. Evon akakuna kichwa.

"Dubu mwenyewe alikuwa mdogo," alinung'unika, akainama kuzinyanyua pembe.