Kofia Nne za Dardiri

Kwetu mtoto mchanga hapimwi. Anayepimwa akiwa amelala ni maiti, kwa ajili ya sanda. Hayo alinifundisha mama yangu, ambaye alizika watoto watatu. Kwa hiyo mjukuu wangu Dardiri alipozaliwa nilimshonea kofia ya siku ya saba kwa kumkadiria kwa macho tu. Mimi ni fundi wa kofia. Kwa miaka arobaini nimevisha vichwa vya mji wetu huu wa kando ya Nile, vya makadhi na vya wachunga nyati, na sijarudishiwa hata kofia moja.

Siku ya saba wanawake walimlaza Dardiri kwenye ungo wakamtikisa taratibu. Mke wangu Sabaha akagonga kinu cha shaba karibu na sikio lake ili azoee kelele za dunia. Kofia yangu nyeupe yenye mshono wa buluu ilimkaa sawasawa. Mwanangu Hilali alikuwa kazini Hurghada, akaona yote kwenye simu. Mkewe Najati alilia kwa furaha.

Wiki ya sita ile kofia ilikataa kuingia. Nilikuwa peke yangu na mtoto. Najati alikuwa juu ya paa akianika mikate iumuke juani. Sitaficha, nilifurahi. Kichwa kikubwa kwetu ni kichwa cha msomi, na mimi nilijifunza kusoma nikiwa tayari na ndevu, katika darasa la usiku. Ila niliogopa kijicho. Mchinjaji Kinawi, mwenye duka ng'ambo ya njia, alishaanza utani wake: mtoto huyu akianza kutembea, Haji itabidi apanue mlango. Na Kinawi ana jicho zito. Nyati aliyemsifu Jumanne alikufa Alhamisi.

Basi nikakata kitambaa kilekile, nikashona kwa uzi uleule wa buluu, upana ukizidi kidole kimoja. Nikamvisha. Ile ya kwanza nikaificha kwenye droo, chini ya vipande vya bitana. Hakuna aliyejua, si Kinawi wala watu wa nyumbani.

Baada ya majuma mawili, ile ya pili nayo ikakataa. Nikashona ya tatu, na safari hii bila furaha. Ngozi ya paji la uso ilikuwa inang'aa, na mishipa imejichora juu yake kama mizizi. Utosi, ambao kwa mtoto hupigapiga polepole, ulikuwa umetuna na kukaza kama ngozi ya tari iliyopashwa moto. Niliona, nikanyamaza.

Najati naye aliona. Mtoto alitapika kila asubuhi, na wakati wa kunyonya alilala. Siku moja mchana, tukiwa tunakula mlukhia, mchuzi wa majani, alisema kichwa cha mwanawe kinamtisha. Sabaha akamwambia ni maziwa mazito, hata Hilali alikuwa hivyo. Najati akafikiri kidogo, kisha akajituliza mwenyewe.

"Lakini hakiwezi kuwa kimekua sana, sivyo, baba? Si kofia ya siku ya saba bado inamwingia?"

Wote wakanitazama mimi, fundi. Nikachovya mkate kwenye mlukhia.

"Kofia haidanganyi," nikasema.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya chanjo, nikawasindikiza kliniki. Muuguzi Demiana alipomaliza sindano akatoa utepe ili ampime mtoto kichwa. Nikamzuia mkono. Nikamwambia kwetu mtoto hapimwi, anapimwa wa sanda.

"Mimi sishoni sanda, Haji," akasema. "Hiyo ni kazi ya mafundi kama wewe."

Akina mama waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nilikasirika. Nikamwambia nilikuwa navisha vichwa kabla mama yake hajaposwa. Najati akanitetea, akamwonyesha muuguzi kofia, akamweleza tangu lini mtoto anaivaa. Demiana aliitazama kofia, akanitazama na mimi kwa muda. Mama mwenyewe amekataa, angefanya nini? Akaandika kwenye kadi kwamba turudi baada ya siku saba.

Siku ya tano nilikuwa namjaribishia kofia ya nne. Nikatikisa funguo mbele yake. Kichwa kiligeukia mlio, macho hayakugeuka. Yalikuwa yameelekea chini, weupe ukionekana juu ya mboni, mfano wa jua linalotua. Nikapitisha kidole mbele yake. Nikapitisha tena. Hakikufuatwa.

Nikafungua droo.

Najati alikuwa anakanda unga. Niliziweka kofia nne mezani mbele yake, moja ndani ya nyingine, kama bakuli. Alizitoa mojamoja, unga ukiwa bado mikononi, akazipanga.

"Tangu lini?"

"Wiki ya sita."

"Na mimi nikakutetea mbele za watu, baba."

Alinawa mikono, akamchukua mtoto.

Kliniki, Demiana alizipokea zile kofia, kisha akampima Dardiri kwa utepe. Safari hii sikumzuia. Alipiga simu, likaja gari, tukapelekwa hospitali ya mkoa. Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ndogo. Alitueleza kwamba kila mtu ana maji ubongoni. Hutengenezwa na kutoka kila siku. Ya Dardiri yalikosa njia ya kutoka. Mfupa wa mtoto ni laini, hutanuka, ndiyo maana kichwa hukua. Lakini ubongo unabanwa humo ndani, na kinachobanwa ndicho kinachoona, kinachokaza miguu, kinachojifunza. Maisha yangu yote mtu mpumbavu nimemwita kichwa maji. Neno hilo sijalitamka tena.

Akauliza tarehe. Nilimpa ya kila kofia, kwa maana fundi hasahau. Alipofika ya pili aliinua kalamu.

"Hapa tungeokoa mengi zaidi," akasema, akaendelea kuandika.

Siku ileile walimwekea mrija mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ili maji yapate pa kupita.

Sasa Dardiri ana miezi tisa. Bado hawezi kukaa. Sauti anazijua. Najati anasema mwanga wa mlangoni pia anaujua, na mimi simbishii. Mrija unaweza kuziba, kesho au baada ya miaka kumi, daktari hakutuficha. Kwa hiyo kila asubuhi Najati humleta dukani kwangu kabla sijawasha cherehani. Hasalimu. Huniuliza, "Baba, unaona nini leo?" Lazima nitaje kila kitu, macho, shingo, vidole, naye husimama papo hapo mpaka nimalize.

Leo amemleta kama kawaida. Kinawi alikuwa ananoa visu, akanitolea salamu kutoka ng'ambo, sikumjibu. Mtoto alikuwa mzito wa usingizi. Niliweka vidole viwili juu ya utosi, ambao tangu mrija uwekwe umekuwa laini. Ukanisukuma.

Najati alikuwa ananitazama usoni.

"Umekaza," nikamwambia. "Mfunge kwenye shali, mwanangu. Tunaondoka sasa hivi."