Siku Bibi Alipoteremka kwa Baiskeli

Bibi alipofika kutoka Bwera kumsaidia mama na mtoto mchanga, baba alikusanya blanketi na redio yake akahamia stoo ya baiskeli. Hakuna aliyemwambia. Kwa watu wetu mwanamume halali chini ya paa moja na mama wa mke wake. Hamwangalii usoni, hamgusi, na akiwa na neno la kumwambia humtuma mtu wa tatu, hata kama wamesimama hatua mbili tu kutoka kwa mwenzake. Kwa wiki tatu baba alilala kati ya magurudumu, na asubuhi alikuja kusimama nje ya dirisha la mama kama mchumba.

"Laurentine, mtoto amelala?"

"Amelala. Na wewe?"

"Mimi nililala na baiskeli saba. Hakuna hata moja ilikoroma."

Ndani, bibi alijifunika mdomo kwa kitenge ili asisikike akicheka.

Baba anaitwa Caleb, lakini kuanzia kwetu Nyakalengija hadi Kasese mjini watu humwita Kocha. Huwafundisha vijana kuendesha baiskeli kwenye njia za mlimani, zile nyembamba zenye mawe na mizizi. Amefundisha nusu ya vijana wa kijiji, lakini mimi, binti yake, hakunifundisha. Kuendesha najua. Ila mtu akinitazama, miguu yangu husahau kazi yake. Baba alilijua hilo na hakuwahi kunilazimisha. Nikiwa nyumbani likizo ya chuo, nilichukua baiskeli alfajiri, njia ikiwa tupu, na nikirudi hakuuliza lolote. Aliangalia tu kama tairi lina upepo.

Mwezi wa Februari nyasi za mlimani juu ya nyumba yetu zilishika moto. Siku mbili tuliuona kama moto wa watu wengine. Siku ya tatu upepo uligeuka, na saa nne asubuhi askari aliyeitwa Omara alipanda hadi uani kwetu huku akikohoa.

"Nyinyi, toka hapa. Saa moja tu, moto iko kwa hii jiko. Shuka mpaka uwanja ya shule, lori inangoja."

"Ndiyo, afande," alisema baba.

Gari halifiki kwetu, ni njia ya miguu tu, lakini Desire, jirani yetu wa bodaboda, hupita popote. Alimchukua mama, mtoto na begi la nepi, akaahidi kurudi kumchukua bibi. Nyonga ya bibi iliumia mwaka jana. Anaweza kwenda kwa fimbo hadi jikoni na kurudi, basi. Tulingoja. Baada ya nusu saa Desire alipiga simu: askari wamefunga njia, anayeshuka ashuke, anayepanda hapana. Wanaume wote wa jirani walikuwa juu wakikata nyasi kuuzuia moto. Tulibaki watatu, bibi akiwa ndani ya nyumba, baba nje, na mimi mlangoni.

"Phionah," alisema baba, akiutazama ukuta, "ambia mama nitambeba kwa mgongo." Mama ndivyo alivyomwita bibi.

Bibi alijibu kabla sijageuka. "Ambia baba yako hapana."

"Ambia mama moto haiulizi nani ni mkwe."

"Ambia yeye moto iko mbali."

"Ambia mama moto imefika kwa shamba ya Byamugisha."

Bibi aliuliza, "Byamugisha gani?"

"Ule wa karibu," alisema baba.

Niliingia ndani. Bibi alikuwa ameketi kwenye sofa, fimbo magotini, rozari mkononi. Nilidhani anaona aibu, nikaanza kumbembeleza kama tunavyombembeleza mtoto. Alinivuta karibu akanong'ona.

"Haiko aibu, mutoto wangu. Ni mikono yake. Mukwe akigusa mama ya muke wake, mikono inaanza kutetemeka, haiachi mpaka kaburini. Miye niliona kaka ya baba yangu kule Butembo. Kijiko ilimushinda. Sasa ule baba yako anakamata breki na mikono gani? Na ule mutoto muchanga atakula nini? Mwende. Miye nimeishazeeka."

Miaka yote niliwaona wakikwepana mlangoni nikadhani hawapendani sana. Sikujua kwamba alikuwa tayari kukaa pale moto umfikie, kwa ajili ya vidole vya baba.

Nilitoka nikamwambia baba neno kwa neno. Hakucheka. Aliitazama mikono yake, yenye mafuta ya mnyororo kwenye kucha, kisha akaingia stoo akachukua spana.

"Basi wewe utamshusha," alisema.

"Siwezi, baba."

"Hii njia umeshuka mara ngapi likizo hii?"

"Lakini peke yangu."

"Hata leo uko peke yako. Mimi nitakuwa mbele na sitageuka. Wewe unafuata tairi yangu, basi. Ikipita, na wewe pita."

Alifungua keria ya chuma kwenye baiskeli kuukuu ya kubebea ndizi, akaifunga kwenye baiskeli yenye breki nzuri kuliko zote. Juu yake akaweka mto wa sofa. Alikata tyubu kuukuu vipande virefu, akanipa, akaondoka hadi kwenye migomba ili bibi atoke. Nilimketisha, nikazungusha mpira kiunoni mwake na kiunoni mwangu na kukaza, kama mama anavyomfunga mtoto, ila huyu alikuwa mzito na ananukia tangawizi. Fimbo yake aliishika mbele ya tumbo langu. Moshi ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati.

Baba alianza. Nilifuata.

"Breki zote mbili," alisema kwa sauti ileile anayoitumia kila siku, huku akitazama mbele. "Pole pole. Ya mbele usifinye peke yake. Vizuri. Ambia mama kwa kona asilale nje."

"Ambia yeye," alisema bibi sikioni mwangu, "miye nilipanda baiskeli Butembo kabla yeye azaliwe."

"Ambia mama basi anajua."

"Mwambie ninajua."

Sikuhitaji kumwambia yeyote kitu. Nilikuwa na tairi moja tu duniani, jeusi, lenye meno, likipita kushoto kwa jiwe, kulia kwa mzizi. Mikono iliniuma. Kwenye kona ya tatu gurudumu la nyuma liliteleza, bibi akaita Maria, nami nikaachia breki kidogo kama nilivyozoea, na baiskeli ikanyooka yenyewe. Baba alisikia tairi likikwaruza vumbi. Mabega yake yalipanda, lakini hakugeuka.

Tulikuwa tumebakiza mwendo mfupi kufika shuleni majivu yalipoanza kutuangukia. Mengine yalikuwa bado mekundu.

"Phionah," alisema baba, akipunguza mwendo, "nasikia harufu ya nguo inaungua."

Nilisimamisha baiskeli, miguu yote miwili chini. Hapo aligeuka. Sikuweza kuona kilichokuwa nyuma yangu, nilimwona yeye tu. Uso wake ulibadilika, mkono ukanyooka kuelekea bega la bibi, ukasimama hewani. Kitenge cha bibi kilikuwa kinaungua begani na yeye hakujua. Mimi nilikuwa nimefungwa naye mgongo kwa kifua, sikuweza kugeuka. Mkono wa baba ulirudi, ukachomoa chupa ya maji kwenye baiskeli yake, akaiminya yote. Maji yalimpiga bibi begani, shingoni, yakaingia kwenye kilemba, yakashuka hadi mgongoni kwangu.

Kitenge kilifuka moshi kikazimika.

"Caleb," alisema bibi.

Sikuwahi kumsikia akilitaja jina hilo. Baba alitazama chini haraka.

"Ile maji baridi hivi, ulitoa mu friji?"

"Phionah," alisema baba, "ambia mama ni ya mto."

Nilihisi tumbo la bibi likitikisika mgongoni mwangu. Nilidhani analia, hadi nilipomsikia. Alicheka hadi uwanjani, nami nikaingiza baiskeli katikati ya kijiji kizima kilichosimama kando ya lori, wote wakitutazama. Nilikuja kukumbuka baadaye sana kwamba nilipaswa kuona haya.

Mama alitukimbilia na mtoto kifuani. Alimshika bibi, akanishika mimi, kisha akaenda kusimama karibu na baba.

Lori lilitufikisha Kasese, na jioni tulikuwa Bwera, nyumbani kwa bibi, karibu na soko. Baba alipata kitanda kwa katekista, nyumba ya tatu.

Asubuhi majirani wa bibi walijaa sebuleni, na habari ya moto iliisha upesi. Walichotaka kujua ni habari ya maji, kama ni sawa na kumgusa.

"Maji haiko mukono," alisema Mama Christophe, anayeuza maharage.

"Lakini imetoka mukononi," alisema mwingine.

"Imetoka mu chupa."

"Na chupa imekamatwa na nani?"

Raihana, mshonaji wa jirani, alisema kwao Waislamu maji ni kitu safi, hayawezi kumdhuru mtu. Wengine waliona hiyo ni hoja nzuri. Bibi aliinuka kwa fimbo yake, akamimina chai kwenye kikombe hadi ukingoni kabisa, akakiweka kwenye sahani.

"Pelekea baba yako. Usimwambie kitu."

Baba alikuwa uani kwenye benchi, mtoto akiwa amelala kwenye mkono wake wa kushoto, simu ikiwa imebanwa kati ya sikio na bega. Alikuwa anaongea na Desire. Bibi alisogeza pazia kidogo. Nyuma yake wanawake walisogea kuchungulia.

Baba alikichukua kikombe kwa mkono wa kulia, bila kukitazama.

"Choo imeungua?" aliuliza kwenye simu. "Choo tu? Na nyumba? Na baiskeli?" Alisikiliza, kisha akaanza kucheka, taratibu, ili asimwamshe mtoto. Mabega yalitikisika. Chai ilitulia kwenye kikombe kana kwamba kikombe kiko mezani. Akanywa, akakirudisha kwenye sahani niliyoishika, na sahani ilikuwa kavu.

Pazia lilishuka. Ndani nilimsikia mtu akipiga makofi mara moja, na bibi akivuta pumzi ndefu.

"Phionah," aliita, "uliza Caleb kama anataka mandazi."

Dirisha lilikuwa wazi, na benchi liko chini yake. Baba alikuwa amesikia kila neno. Alinisubiri nifike mbele yake nimuulize.