Kadi ya Rangi na Ulimi wa Mtoto

Mchanganya rangi wa duka la vifaa vya ujenzi alikuwa na jicho ambalo mafundi walimwonea wivu. Mpelekee kipande cha ukuta kisichozidi ukucha, atakupa kopo la rangi ile ile, na fundi mwenyewe asijue palipozibwa. Mwanamke huyo ndiye aliyeambiwa na daktari msomi, mara nne, kwamba hajui bluu.

Mwanawe wa miezi mitano alikuwa akinyonya mafunda matatu, kisha anaachia titi na kuhema. Kila mama alipompeleka kliniki, daktari alimbana mtoto kidole kwa kile kibanio cha kupimia oksijeni kwenye damu. Kibanio kikasema asilimia tisini na tano, yaani mzima, na neno lake likawa sheria. Kwamba ngozi nyeusi hukidanganya, hilo daktari hakutaka kulisikia. Bango la ukutani lilionyesha mtoto mwenye ugonjwa wa moyo: mweupe pe, midomo ya bluu. Huyu wa mchanganya rangi alikuwa mweusi tii, na daktari alijua bango tu.

Mtoto wa dada yake mchanganya rangi naye alipimwa vivyo hivyo. Alizikwa na karatasi iliyosema amechelewa kuletwa.

Mara ya tano daktari alitabasamu. "Mama, midomo ya watu wenu ndivyo ilivyo. Punguza wasiwasi."

"Sijasema midomo. Nimesema ulimi."

Mtoto alipolia, mama akatoa kwenye mkoba kadi ya rangi za dukani na kuisogeza karibu na kinywa chake.

"Namba kumi na nne, samawati yenye kijivu. Jana nimemuuzia mtu, anapaka choo. Ulimi wenye afya ni namba tatu, waridi. Toa wako tulinganishe."

Daktari, sijui kwa mazoea ya kutii au kwa kupigwa na butwaa, akautoa. Namba tatu, safi kabisa.

Muuguzi aliyesimama kando alitaka kucheka, kisha akamtazama mtoto. Hakungoja kutumwa, akachukua damu ya mshipa wa ateri akaikimbiza maabara. Majibu yakarudi: oksijeni asilimia sabini na moja. Gari la wagonjwa likaitwa, na hospitali kubwa ikaambiwa iandae chumba cha upasuaji.

Daktari akaketi kuandika barua ya rufaa. Alisahau kwamba mtu wa kaunta husoma oda za wateja kichwa chini miguu juu. Mama akaisoma toka upande wake wa meza: *Mama alichelewa kumleta mtoto.*

Mchanganya rangi akapanga juu ya barua karatasi nne za kliniki, zote zina sahihi yake daktari.

"Futa, daktari. Dada yangu kazikiwa mwanawe na sentensi hiyo hiyo. Andika aliyechelewa."

Daktari alimtazama muuguzi, muuguzi akatazama dirisha. Daktari akafuta. Akaandika upya, polepole, naye mama akalisoma kila neno hadi tarehe, ndipo akambeba mwanawe. Kadi aliiacha mezani.

"Baki nayo," alisema. "Kesho ataletwa mweusi mwingine."