Gia ya Tatu

Mkono wa gia wa trekta ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu, kama mbuzi mkorofi aliyefungwa kigingini asije akaingia shamba la watu. Fundi aliuona hata kabla hajaweka chini kisanduku chake cha spana. Akaugusa kwa kidole. Mpira ulikuwa umepauka na kupasukapasuka. Haukuwa wa jana wala wa juzi.

"Nani kafunga hapa?"

"Mimi," alijibu dereva. "Ile ya tatu haikai. Ukishuka na tela lenye mzigo, inatoka yenyewe. Zamani mpira uliishika. Sasa hata mpira umechoka."

"Zamani lini?"

Dereva alijikuna shingo. "Wiki ya kwanza niliyopewa trekta. Miaka mitatu sasa."

Fundi alifungua kisanduku chake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mwembamba, mwenye viganja vipana visivyolingana na mwili wake, na katika ushirika ule wa wakulima neno lake kuhusu chuma lilikuwa muhuri. Muhuri huo aliupiga miaka mitatu nyuma, juu ya trekta hilohilo.

Siku ya ajali trekta lilishuka mteremko wa bwawani likivuta tela la mahindi, likashindwa kuzuilika, likabomoa ukuta wa nyumba ya pampu na kumsaga mlinzi wa pampu mguu. Mguu ulikatwa chini ya goti. Aliyekuwa akiendesha ni shemeji yake fundi, mume wa marehemu dada yake. Mbele ya kamati alisema jambo moja, akalirudia hadi sauti ikamkauka: gia ya tatu ilitoka yenyewe. Kamati ikamwita fundi. Naye akaliendesha trekta mara tatu kuzunguka uwanja wa ghala, uwanja tambarare, bila tela. Gia ilikaa kana kwamba imepigiliwa misumari.

"Giaboksi haina kosa," alitamka. Hapo angeweza kunyamaza. Lakini alitaka watu wajue kwamba hapendelei ndugu, akaongeza lisilohitajika: "Chuma hakisinzii. Anayesinzia ni mtu."

Shemeji akaachishwa kazi. Watoto wakambandika jina la Mteremko. Tangu hapo, yeye na fundi wakikutana njiani walisalimiana kwa kukohoa.

Sasa fundi alimwaga oili kwenye beseni, akalegeza nati za mfuniko moja baada ya nyingine, akauinua. Meno ya gia ya tatu yalikuwa yamelika pembeni, lakini hayo aliyatarajia. Alichokitafuta kilikuwa kidogo zaidi: gololi ya chuma inayosukumwa na springi, ambayo huingia katika kijishimo cha fimbo ya gia na kuishikilia isiteleze. Gololi ilitoka imepungua upande mmoja. Kijishimo kilikuwa kimelika hadi kikakaribia kufutika, na chuma hakiliki hivyo kwa mwezi wala kwa mwaka. Springi ilitoka vipande viwili.

Aliipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Springi iliyokatika karibuni huwa na ncha zinazokwaruza, zenye chembechembe. Ncha za hii zilikuwa laini, zimesuguana miaka hadi zikang'aa. Alizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika ili kuzielewa.

Mwenyekiti wa ushirika alimkuta papo hapo. Fundi akamweleza bila kupunguza wala kuongeza.

"Ya kale hayanuki, dada," alisema mwenyekiti kwa sauti ya chini. "Weka springi mpya, funga, msimu hausubiri mtu. Ukilifukua hilo utajichafua mwenyewe."

"Nimeshachafuka, mwenyekiti. Mikono yangu si unaiona?"

Mwenyekiti alicheka, akidhani ni oili inayosemwa. Akacheka peke yake.

Kazi ilimchukua siku tatu. Fimbo na gia aliving'oa kwenye trekta bovu nyuma ya ghala; springi na gololi alinunua mpya. Siku ya nne aliagiza tela lijazwe, akaukata ule mpira kwa kisu, akapanda mwenyewe. Juu ya mteremko aliingiza gia ya tatu, akauachia mkono wa gia. Trekta liliunguruma likijizuia, likashuka taratibu hadi nyumba ya pampu, na mkono wa gia haukutikisika. Watu wakapiga makofi. Yeye alishuka, akamrudishia dereva trekta, akaenda zake kwa miguu.

Shemeji alikuwa uani kwake akisuka kiti. Siku hizi alitengeneza viti vya watu.

"Hodi, shemeji."

Mwanamume aliinua kichwa, akakishusha. "Karibu."

Fundi alifungua kitambaa, akaweka vile vipande viwili juu ya benchi. "Vimetoka kwenye ya tatu. Vilikatika kabla ya ajali. Nilijaribu uwanjani, nikatoa hukumu ya mteremkoni. Nilikukosea, shemeji."

Shemeji hakuvigusa. Alivuta kamba, akaipitisha, akaikaza.

"Mwaka wa kwanza nilijua kabisa sikusinzia," alisema. "Wa pili nikaanza kujiuliza. Mwaka huu nilikwenda kwa mlinzi wa pampu nikapiga magoti, nikamwambia nilisinzia. Tulilia wote wawili. Akanisamehe. Sasa kila Jumapili tunacheza drafti." Kamba ilimponyoka, hakuiokota. "Leo unaniletea springi. Niifanyie nini?"

Njiani fundi alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba radhi, na majibu ya kila lawama. Hii haikuwa lawama. Alikuwa kama aliyekuja kumrudishia mtu kiwanja chake. Akakuta mwenyewe amekwishajenga kwingine, na amehamia.

"Kesho nitasema mbele ya kamati," alisema hatimaye.

"Kamati ni mzigo wako. Useme."

"Na mlinzi?"

"Huyo ni wangu." Akaiokota kamba. "Lakini nitamwanzaje? Msamaha alionipa ulikuwa wa kweli. Nikamwambie alisamehe kosa ambalo sikulifanya?"

"Kosa lipo, shemeji. Ila mwenyewe, mimi, bado sijakwenda kupiga magoti." Fundi alikunja kile kitambaa kitupu. "Twende wote."

Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, mwanamume alimtazama usoni, kwa utulivu, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofifia.

"Ngoja nivae shati," alisema, akaingia ndani.

Fundi alisikia mfuniko wa sanduku ukifunguliwa. Kisha hakusikia kitu. Kivuli cha ukuta kilitambaa kikamfika miguuni, kikampanda magotini. Hakuita, wala hakuketi; alisimama akimngoja atoke, waende.